Mbao za Mzee Zebedayo

Treni ya kutoka Moshi ilipoingia stesheni ya Tanga asubuhi ile, Luka Mhina alikuwa amesongwa na wapagazi, akimsubiri mtu wa Korogwe aliyemwahidi misumari. Mtu wake hakuonekana. Badala yake ubao mrefu ulichomoza dirishani mwa behewa la daraja la tatu ukamgonga begani, hata kofia yake ikadondoka.

"Samahani, kaka," sauti ya kike ilisema kutoka ndani. "Ushike huo. Nyuma yake zinakuja nyingine."

Akaushika. Kwa jumla zikatoka mbao sita, zimefungiwa mikeka, na baada ya mbao akatoka msichana mwenye gauni la buluu la kola nyeupe, uso umelowa jasho, akimshikilia mzee mwembamba aliyevaa koti zito la baridi katika joto lile la Tanga. Luka akamtania kwamba hajawahi kumwona mtu anayehama na nyumba yake. Msichana hakucheka. Alisema mbao ni za baba yake, ni za jeneza lake.

Mzee mwenyewe ndiye aliyefafanua, akikohoa kila baada ya maneno mawili. Aliitwa Zebedayo, mkulima wa milima ya Lushoto, na alikuwa ameletwa hospitali ya Tanga. Alikwisha kuona wafiao mbali na kwao wanavyozikwa, ndani ya mbao za masanduku ya bidhaa, maandishi bado yanasomeka ubavuni. Kwa hiyo aliuangusha mkulo alioupanda baba yake, ule mti wenye harufu kama ya kafuri, akaupasua, akazikausha mbao juu ya meko miaka na miaka. Popote alipokwenda kutibiwa, zilikwenda naye.

"Kufa sikatai," alisema. "Nakataa kulazwa ndani ya sanduku la sabuni."

Luka akamwambia kwamba yeye ni seremala, na banda lake liko Usagara, karibu na kwa shangazi yake huyo binti walikokuwa wakienda kufikia. Mbao zingekaa kwake, kivulini. Mzee akamshika kiganja, akapapasa sugu, akakubali. Ndivyo Luka alivyojuana na Kristina.

Kristina akawa kila akitoka hospitali hupita bandani kuangalia mbao. Siku za mwanzo aliziangalia kweli, akafunua mkeka, akazigusa moja moja. Baadaye alikuwa akizisahau.

"Umekuja kuangalia mbao au fundi?" Luka alimwuliza siku moja.

"Mbao. Fundi mwenyewe bado hajapigwa randa."

"Basi kaa unipige, mpenzi. Usiniache na vibanzi."

Alikaa. Jumapili wakaanza kutembea hadi pwani ya Raskazone, Luka na suruali yake nyeupe ya mikunjo ya pasi, Kristina na viatu mkononi kwa sababu mchanga ulimchekesha. Alimsimulia ukungu wa kwao, na kazi yake ya uuguzi katika zahanati ya misheni. Luka alimsimulia muziki.

Maana Luka alikuwa mpiga gitaa katika bendi ya dansi ya rafiki yake Uweso, na gitaa halikuwa lake. Mwenye gitaa alipata kazi Mombasa, akavuka nalo mpakani Horohoro. Uweso alimwambia kwa upole kwamba dansi kubwa la mjini linakaribia, na bendi haiwezi kumngoja mtu asiye na chombo. Luka alijaribu kujiundia la mninga. Likatoka zito, sauti yake kama sufuria iliyojaa uji. Ndipo jioni moja, akisogeza mbao za mzee zisipate mvua, akagonga ubao kwa kidole, na ubao ukaitika.

Akaugonga tena. Ukaitika tena, sauti ndefu, safi. Tangu hapo hakuwa na raha.

Mzee Zebedayo alikuwa akipata nafuu. Alitembea kwa fimbo, aliomba ugali, na daktari alimwahidi kumruhusu aende nyumbani. Luka akajiambia kwamba mtu anayerudi kwao kwa miguu yake hahitaji jeneza. Atapanda Lushoto, atanunua mkulo mwingine, ataurudisha kabla hajaulizwa. Akachukua mbao mbili. Akazichana nyembamba, akakunja mbavu za gitaa kwa maji na bomba la chuma lililopashwa moto, akaunga kwa gundi ya ngozi, kisha akapaka vanishi juu ya vanishi mpaka harufu ikafa. Kristina alipouliza, alimwambia ni mninga wa Muheza. Uongo ulimtoka mwepesi, ukabaki mzito.

Usiku wa dansi, bendi ilishangiliwa. Kristina, ndani ya gauni la maua mekundu aliloazima kwa binamu yake, alisimama karibu na jukwaa akimtazama Luka tu. Walipopumzika aliuweka mkono juu ya tumbo la gitaa, akasema limemfanya asahau hospitali. Luka akaangalia pembeni.

Wiki iliyofuata kifua cha mzee kilibana ghafla, na kabla ya adhuhuri alikuwa ameshakata roho.

Kristina alikuja bandani macho makavu. "Luka, kazi ya baba imefika," alisema, akaketi kwenye kigogo, akamwomba aifanye yeye mwenyewe asimpe mwingine.

Huo ndio ulikuwa wakati wa kusema, na Luka alijua. Mdomo ulifunguka, akasikia unasema pole, unasema nenda kapumzike. Mbao nne zilitosha kifuniko na mbavu mbili. Chini, kichwani na miguuni hapakuwa na kitu. Uwanjani nyuma ya duka la Haji, jirani yake, palikuwa na masanduku matupu. Luka aliyabomoa, akayapiga randa mpaka maandishi yakafutika, akayapaka rangi ya mkulo. Nani angeinamia jeneza kuangalia chini yake?

Makaburini, hapo hapo Tanga, alishika mpini mmoja, na njia nzima alisikiliza misumari. Hakuna kilicholegea. Baada ya mchungaji kumaliza, Kristina alimshika mkono mbele ya watu wote. "Baba amelala alivyotaka," alisema. "Ahsante, fundi wangu." Wazee wakamwitikia, mmoja akampiga Luka bega kwa heshima. Angetukanwa pale, asingeumia kiasi kile.

Toka siku hiyo gitaa lilining'inia ukutani. Alimwambia Uweso kidole kinamwuma. Kristina alikuwa bado kwa shangazi yake akimalizia msiba, na alasiri moja alikuja akamwomba ampigie kidogo, moyo upoe. Luka akasema uzi umekatika. Kristina akalishusha mwenyewe, akalipakata, akainama kuutafuta uzi uliokatika ndani ya tundu, mahali ambapo vanishi haikufika.

Harufu ya mkulo ilimpanda puani; hakuinuka upesi. Alipoinua uso, sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mbao zilikuwa sita. Jeneza lilichukua ngapi?"

"Nne."

"Na chini baba amelalia nini?"

Luka aliangalia mikono yake. "Masanduku."

"Ya nini?"

"Ya sabuni, Kristina."

Kuku walikuwa wakichakura takataka za randa. Kristina alilirudisha gitaa ukutani taratibu, kama mtu anayemlaza mgonjwa.

"Ulinipenda mimi," aliuliza, "au uliniweka karibu kwa ajili ya mbao?"

"Nilikupenda wewe. Mbao nilizitamani."

"Ungeomba. Baba alikupenda, angekupa. Angecheka, akakupa." Akafunga kitambaa chake kichwani. "Mimi nilikushukuru mbele ya kaburi, Luka. Ukanyamaza."

Kesho yake alipanda treni kurudi kwao.

Luka alijaribu kufanya kazi. Alitengeneza vitanda, na kila ubao aliougusa ulimwuliza swali. Mwishowe alikwenda kwa Haji, akaomba simu, akaunganishwa na misheni ya Lushoto, akasubiri mpaka Kristina alipoitwa.

"Ni mimi."

"Nimejua. Sema upesi, simu hii ni ya wagonjwa."

"Nataka kuja."

"Kumwona nani?"

"Mama yako na baba zako wadogo. Niwaambie kwa kinywa changu."

"Basi uje na gitaa," Kristina alisema, akakata.

Akapanda, treni hadi Mombo, basi hadi juu penye baridi. Walimkaribisha kwa heshima, ikawa vibaya zaidi: shikamoo zake ziliitikiwa, akapewa kiti kizuri. Akainuka kutoka kiti hicho na kuwaambia yote, mbao, gitaa, masanduku. Baba mdogo, Noa, aliinuka, akasema afadhali atoke nje kabla hajampiga mgeni, akatoka, akakaa kizingitini na mgongo wake kwao.

Mama Kristina aliomba gitaa. Alilipakata mapajani, akanusa tunduni, akakaa hivyo.

"Chini ya mti huu nilianika nguo zangu za kwanza nilipoolewa," alisema. "Nilidhani umezikwa wote naye." Kisha akamrudishia. "Piga."

Luka akasema hawezi, vidole havimtii.

"Piga, mwanangu. Ukiacha, utakuwa umeiba bure."

Akapiga wimbo wa kanisani, akakosea mara nyingi, machozi yanadondoka juu ya vanishi. Hakuna aliyemsifu. Alipoondoka aliliacha gitaa kwa mama, na mama hakumzuia.

Kristina alimsindikiza hadi kituo cha basi, sweta jeusi limefungwa hadi shingoni.

"Mama amekusamehe," alisema njiani. "Mimi bado."

"Nitangoja."

"Nilivyokukumbuka huku, Luka, nilijichukia." Akamtazama, mara ya kwanza siku ile. "Ukitaka kutuma mshenga, mtume. Lakini asije kutuambia wewe ni mtu mwema. Aanze na ulichofanya, halafu ndipo aniombe."

Mvua zilipokatika Uweso alipanda mlima, kanzu nyeupe na koti, mtu mwenye ulimi mtamu kuliko wote Tanga. Mbele ya ukoo ule ulimi ulimganda. Alijifuta jasho katika baridi, akasema kijana wake alichukua mbao za maiti wao, akawadanganya, na sasa anaomba binti yao.

Baba mdogo Noa alimtaka arudie, kwa sauti, maana waliokuwa nje hawakusikia.

Uweso akarudia, neno kwa neno. Ndipo Kristina akatoka jikoni na chai, akammiminia.