Koti la Chumba cha Mtoto

Koti lilikuwa limenenepa. Jumanne Kalisti alilipima kifuani, kutoka kwapa hadi kwapa, akaandika kwenye kadi yake: sentimita hamsini na mbili. Alhamisi akalipima tena kabla ya kulipiga picha, ikawa hamsini na nne. Akaguna. Akaulaumu utepe, akailaumu hewa ya Houston inayolowesha hata chumvi mezani, mwisho akajilaumu mwenyewe kwa kupima kabla ya chai. Akaikata namba ya kwanza, akaandika ya pili, akaenda kazini.

Mkewe Prudensia hakuyatilia maanani hayo. Alikuwa na kipimo chake. Kila Ijumaa asubuhi, akirudi kutoka zamu ya usiku hospitalini, aliuazima utepe ule ule wa mumewe, akajilaza kitandani na kujipima tumbo kutoka kwenye mfupa wa kinena hadi kilele cha mji wa mimba. Ujauzito ulikuwa wa wiki ya ishirini na sita, na tumbo lilisoma ishirini na sita, sentimita moja kwa kila wiki, kama inavyotakiwa. Alishapoteza mimba mbili kabla ya hii. Tusizunguke: mwanamke yule hakutaka kitu kingine duniani ila mtoto yule azaliwe hai.

Kalisti naye tumwelewe. Alisoma Torino miaka minne kwa ufadhili wa kanisa, na wenzake waliporudi na shahada, yeye alirudi na shahada pamoja na ugonjwa wa nguo kuukuu. Mchana alikuwa mtu wa ofisi Sugar Land, mwenye tai na kitambulisho shingoni. Jioni na wikiendi alikuwa mtambuzi wa sare za wapiganaji wa msituni wa Italia, wale waliopanda milimani mwaka 1943 kupambana na Wajerumani na mafashisti. Watu hao hawakuwa na kiwanda cha kuwashonea. Walivaa walichopata: koti la jeshi lililong'olewa alama za mfalme, blauzi ya jeshi la Mwingereza, suruali ya mkulima. Ndiyo maana kuwatambua ni kazi. Skafu nyekundu na nyota ya kifuani ilikuwa ya kundi hili, ya buluu ya lile, ya kijani ya wengine, na wajanja wa leo wanashona nyota mpya kwenye nguo ya zamani na kuiuza. Kalisti alizikagua kwa taa ya zambarau, maana uzi wa kisasa huwaka chini ya taa hiyo.

Koti hili halikuwaka hata uzi mmoja. Kifuani, upande wa moyo, palikuwa na umbo la nyota ambapo kitambaa hakikufifia, alama kwamba beji ilikaa hapo miaka kisha ikakatwa. Lilikuwa koti halisi kabisa, na Kalisti alitembea nyumbani akipiga mluzi. Lilitoka kwa mjane mmoja wa Plano, aliyetaka kujua babu wa mumewe alipigana na kundi gani. Lilifika likiwa limeviringishwa, mikono yake imefungwa fundo kwa nyuma kama mtu aliyekamatwa. Mjane alisema kwenye simu kwamba katika ukoo wao fundo lile halijawahi kufunguliwa, ila yeye hakuwahi kuambiwa sababu. Kalisti alilifungua taratibu kwa sindano ya mfupa, saa nzima, kwa kuwa hakuna anayeweza kutambua nguo asiyoweza kuifungua.

Na sufu ya zamani haikunjwi, hukatika kwenye mikunjo. Kwa hiyo akalivika sanamu la fundi cherehani, kiwiliwili kisicho na kichwa wala miguu, akakiweka kwenye chumba pekee chenye nafasi: chumba cha mtoto. Chumba hicho kilikuwa kitupu, hakina hata soksi. Mimba ya kwanza walinunua kila kitu mapema, wakaja kukigawa kwa watu huku wanalia. Tangu hapo waliifuata kwa dhati ile desturi ya nyumbani, kwamba mtoto hanunuliwi nguo kabla hajaonekana uso. Mapazia yalishushwa ili jua lisiichome sufu, mlango ukafungwa.

Ijumaa iliyofuata utepe ulisoma ishirini na tano.

Prudensia alipima mara tatu. Akaenda kliniki siku hiyo hiyo, wakamwangalia kwa mashine. Moyo wa mtoto ulikuwa unapiga, ila polepole, na daktari aliizungusha ile picha muda mrefu. Akaambiwa mtoto haongezeki, apumzike, arudi Jumatatu. Jumatatu utepe ukasoma ishirini na nne. Daktari akasema arudi tena Alhamisi, na hali ikiwa hivyo watamtoa mtoto kabla ya wakati. Prudensia alishawahi kuhudumia watoto wa umri huo. Hakuhitaji kuelezwa.

Aliporudi kutoka kliniki alimkuta Kalisti sebuleni na kadi yake mkononi.

"Umelinywesha koti maji baridi au nini?" akamuuliza, kwa mzaha usio na nguvu.

"Hamsini na tisa," Kalisti alijibu bila kucheka. "Prude, kitambaa hakitanuki hivi. Kuna mtu analijaza."

Siku ya pili yake Kalisti akiwa ofisini, Prudensia alilala chumbani kwake, mapazia mazito yamefungwa, kama wafanyavyo watu wa zamu za usiku. Aliamka saa saba mchana, jua likiwa limesimama juu ya paa na mtaa mzima umenyamaza. Kilichomwamsha kilikuwa sauti ndogo, ya kifungo kinachopita kwenye tundu lake. Kikapita kingine. Kisha ikaja sauti ya mkono unaopita ndani ya mkono wa nguo, ule mkwaruzo ambao kila mtu anaujua.

"Kalisti?" aliita kwa sauti ya chini.

Vifungo vikakoma.

Akasimama, akashika ukuta, akatembea peku kwenye kapeti la ukumbini huku harufu ikimjia, harufu ya sufu iliyoloa na moshi wa kuni na, katikati yake, kitu alichokijua vizuri na hakikuwa na haki ya kuwemo mle, harufu ya maziwa ya mama, akasukuma mlango wa chumba cha mtoto, akaona kwamba koti ambalo mumewe huliacha wazi lilikuwa limefungwa vifungo vyote hadi shingoni, na kwamba chini ya kifua, pale ambapo sanamu la fundi ni bapa kama ubao, kulikuwa na tumbo, tumbo la mviringo, limechongoka kidogo upande wa kulia kama lake mwenyewe lilivyokuwa wiki mbili zilizopita, na kwa mazoea ya miaka kumi na miwili ya unesi, kabla akili haijamkataza, aliinua kiganja akakiweka juu yake.

Ndani ya koti, kitu kilipiga teke.

Prudensia alikumbuka wakati huo huo kwamba tangu alfajiri mtoto wake mwenyewe hakuwa amecheza.

Alitoka nje na kukaa ndani ya gari, milango imefungwa, rozari mkononi. Aliomba makumi mawili, kisha akampigia Chebet, Mkenya waliyefanya naye zamu. Alimweleza yote akitarajia kuambiwa apumzike.

"Prude, wacha nikuambie, na usinicheke," Chebet alisema pole pole. "Mimi ni mtu wa church, unajua. Lakini hii si story ya daktari pekee yake. Kwanza drive uende hospitali wacheki heartbeat. Halafu kuna Mtanzania wenu huku Alief, anaitwa Ustadhi Shemhilu. Hu-fix AC. Alisaidia cousin yangu na maneno mabaya sana. Nitakutumia namba."

Hospitalini waliukuta moyo wa mtoto bado unapiga. Ustadhi Shemhilu alifika kesho yake, Jumatano, na gari lake la kazi lenye ngazi juu. Alivaa shati lenye jina lake mfukoni na viatu vya fundi, ambavyo alivivua mlangoni. Kalisti, aliyeomba ruhusa kazini kwa ajili hiyo, alimtazama kama watu wa kwao Bukoba wanavyomtazama mtu wa Tanga aliyekuja na mambo yake.

"Ustadhi, hili ni koti la Italia," alisema. "Majini ya Pwani yanaingiaje humo?"

"Jini halina pasipoti, bwana Kalisti," Ustadhi alijibu bila kukasirika. "Hili la kwenu limekaa kwenye nguo hiyo tangu mwenyewe aivue. Walioifunga mikono walijua. Nionyeshe."

Alisimama kizingitini, akavuta pumzi, akafunga macho. Hakuingia.

"Chumba hiki cha nani?"

"Cha mtoto," Prudensia alisema.

"Mbona hakina kitu cha mtoto?"

Prudensia akamweleza ile desturi, na walichokipata walipoivunja. Ustadhi alitikisa kichwa kwa huruma.

"Dada yangu, desturi hiyo siichezei. Ila tazama mlichofanya. Mmetenga chumba kwa anayesubiriwa, kisha mkasimamisha ndani yake nguo moja tu, ya mwingine. Mnamngoja mtu, na yeye yuko hapa na nguo yake tayari. Akaona anayengojwa ni yeye. Sasa anauchukua mwili kule unakotengenezwa, tumboni mwako." Alishusha sauti. "Anachukua kidogo kidogo."

"Tufanyeje?"

"Nunueni nguo za mtoto leo, kabla jua halijazama. Zitundikeni humu, chumba kijulikane ni cha nani. Mimi na mumeo tutamfunga huyu."

Agizo hilo lilimuuma Prudensia kuliko koti lenyewe. Alisimama dukani mbele ya nguo ndogo akilia waziwazi, watu wanampisha. Lakini alinunua, na kwa hofu alinunua kupita kiasi: mavazi ya kulalia yenye soksi zake, ya mtoto mchanga, ya miezi mitatu, ya sita, ya mwaka, hadi ya miaka miwili. Aliporudi Ustadhi alikuwa anasoma kwa sauti ya chini, na Kalisti yuko mbele ya sanamu, shati limemganda kwa jasho, anafungua vifungo. Kila alichofungua kilijifunga alipogusa kinachofuata. Ilichukua muda mrefu. Prudensia alipotundika vazi la kwanza kabatini koti lilitoa pumzi ndefu, ya mtu aliyeamshwa usingizini, na alipotundika la mwisho tumbo lile likaanza kunywea, na Kalisti akalivua haraka, akaivuta mikono nyuma, akakaza fundo kwa meno. Chumba kikabaki na harufu ya sufu tu.

Prudensia akaketi sakafuni. Chini ya mbavu zake mtoto akapiga teke, mara moja, kisha mfululizo. Alimlilia Kalisti begani bila aibu.

"Ziacheni nguo humo humo," Ustadhi alisema akijifuta uso. "Na kichujio cha kiyoyozi chenu ni kichafu mno, nitakibadilisha kabla sijaondoka."

Alhamisi daktari alipima, akapima tena, akasema mashine za Jumatatu huenda zilikosea. Jumamosi Kalisti aliendesha saa nne hadi Plano na kumrudishia mjane koti lake, fundo likiwa mahali pake. Alimwambia babu alikuwa wa skafu nyekundu, na kwamba fundo lile asiliguse. Tumbo lilirudi sentimita kwa sentimita. Chumba cha mtoto kilifungwa, hakuna aliyeingia tena.

Abigail alizaliwa wiki ya thelathini na tisa, kilo tatu na robo, akilia kwa hasira iliyowafurahisha wakunga. Siku ya tatu walimleta nyumbani. Prudensia alioga kwanza, muda mrefu, akiimba chini kwa chini. Kisha akaenda chumba cha mtoto kuchagua vazi, akafungua kabati.

Vazi la mtoto mchanga halikuwepo. La miezi mitatu lilikuwepo, lebo ya dukani bado inaning'inia shingoni, na kifua chake kilikuwa na madoa makavu ya maziwa. La miezi sita lilikuwa limechubuka magotini, kama la mtoto anayetambaa. La mwaka mmoja nyayo zake zilikuwa nyeusi kwa udongo. Alilivuta la miaka miwili: soksi zilikuwa zimetoboka visigino, na ndani bado lilikuwa na joto.

Akaelewa. Wiki kumi na mbili nguo zile zilikaa kwenye chumba kisicho na mtu, zinangoja mwili. Walilifunga fundo koti la mzee yule jini akiwa ameshalitoka, kisha wakamnunulia nguo za utotoni, saizi zote.

"Kalisti," aliita. "Usimvike mtoto chochote. Mlete hivyo hivyo."

"Nimeshambadilisha ulipokuwa unaoga," mumewe alijibu kutoka sebuleni, kwa furaha tele. "Nimemvika ile ndogo kabisa, imemkaa vizuri ajabu. Njoo umsikie, Prude. Anacheka."

Prudensia alikuwa nesi. Alijua kwamba mtoto wa siku tatu hacheki.