Kipimo Kisicho na Mstari

Machi ni mwezi wa ngoro, kilimo cha mashimo. Katika milima ya Litembo wanaume hufyeka nyasi na kuzilaza shambani kwa miraba. Kisha wanawake huja na majembe, hufukia zile nyasi kwa udongo, na katikati ya kila mraba hubaki shimo. Mvua ikinyesha, maji hutulia shimoni na udongo haushuki bondeni.

Ottilia alikuwa na mkono mwepesi kwa kazi hiyo. Lakini asubuhi ile alifukia miraba michache tu, akaegemea mpini wa jembe na kushika tumbo.

Mama mkwe wake, Avelina, alikuwa akilima upande wa juu. Alimwona.

"Tena?"

"Limenikata kidogo tu, mama. Litapita."

"Linakukata wiki nzima. Kidogo gani hicho kisichokwisha?"

Ottilia alirudi kazini. Aliinua jembe, akalishusha, akaliinua tena. Jasho lilimtoka ingawa hewa ilikuwa ya baridi. Avelina aliacha kazi yake, akateremka hadi alipokuwa mkwewe.

"Damu yako ya mwezi umeiona?"

Ottilia aliinamisha macho. Kuzungumza mambo hayo na mama wa mumewe kulimpa aibu kubwa.

"Sijaiona, mama. Mwezi ulipita."

"Una mimba?"

"Hapana."

"Unajuaje?"

"Nilipima. Kwa kile kipimo alicholeta wifi Luisa. Hakikuonyesha kitu."

Avelina alishusha pumzi. Miaka mitatu ilikuwa imepita tangu mwanawe Kilian alipomwoa Ottilia. Kila Jumapili baada ya misa, wanawake wenzake walimwuliza kama ameshapata mjukuu. Yeye hucheka na kusema Mungu hana haraka. Nyumbani hakucheka.

"Basi hilo ni chango," alisema. "Linashika tumbo, linazuia damu, na mimba haiingii. Wewe acha jembe, kapumzike. Mimi nakwenda msituni kuchimba dawa."

Avelina alijulikana kwa mizizi. Wanawake walitoka vijiji vya mbali kumfuata. Alipoondoka, alisimama ukingoni mwa shamba, akageuka.

"Nakuuliza mara ya mwisho, mwanangu. Dawa hii ni kali. Mwenye mimba akiinywa, mimba inatoka. Una uhakika?"

"Nina uhakika, mama. Sina mimba," alisema Ottilia. Hakuna neno alilochukia kulisema kama hilo.

*

Jioni ile jiko lilijaa harufu chungu. Chungu cha dawa kilichemka tangu mchana. Avelina alikichuja, akajaza bakuli, akaliweka mbele ya Ottilia lipoe. Kilian hakuwepo. Alikuwa ameteremka Mbamba Bay kuuza maharage na kununua dagaa.

Mlango ulisukumwa. Aliingia Luisa, dada yake Kilian, na furushi la mitumba kichwani. Luisa alifanya biashara Mbinga mjini. Tangu serikali ilipofungua milango ya biashara, nguo, dawa na vyombo vilifika mjini kwa wingi, na Luisa hakuja nyumbani bila kitu kipya.

"Shikamoo, mama. Wifi, hujambo? Mbona jiko linanuka kama zizi la mbuzi?"

"Marahaba. Unalinusa jiko langu au unalitukana?" alisema Avelina.

"Nalionea huruma, mama. Nani anakunywa hicho?"

"Wifi yako. Ana chango."

Luisa alishusha furushi. Alimtazama Ottilia, akalitazama bakuli.

"Na kile kipimo?"

"Nilikitumia," alisema Ottilia. "Sina kitu."

"Pole, wifi yangu." Luisa aliketi karibu naye. "Nilikuwa nimeshakutafutia nguo za mtoto. Basi nitamvalisha mbuzi wa jirani. Kwa hiyo uliona mstari mmoja?"

"Sikuona mstari."

"Yaani hukuona wa pili."

"Sikuona hata mmoja. Kilikuwa cheupe. Nilingoja, nikangoja. Kikabaki cheupe hivyo hivyo."

Luisa alihesabu kwa vidole.

"Aliyeniuzia alisema mstari mmoja, hakuna mimba. Miwili, ipo," alisema taratibu. "Cheupe hakukitaja."

"Cheupe ni kitupu," alisema Avelina. "Kitupu ni hakuna. Hilo nalo linataka shule? Kunywa, mwanangu, imepoa."

Ottilia alilishika bakuli kwa mikono miwili. Dawa ilikuwa nyeusi. Aliona uso wake ndani yake, ukitikisika. Kama cheupe hakikuwa jibu, basi hakuna aliyejua. Kama hakuna aliyejua, huenda alikuwa amebeba mtoto wakati ule ule alipobeba lile bakuli.

"Kunywa," alisema Avelina. "Nimepanda mlima kwa magoti haya."

Tangu aolewe, Ottilia hakuwahi kumkatalia mama mkwe jambo lolote. Aliinua bakuli hadi kifuani. Kisha aliliweka chini.

"Mama, nisamehe. Sinywi."

"Unasemaje?"

"Sinywi leo. Naomba nipime tena kwanza. Kama hamna kitu, nitainywa yote mbele yako."

Avelina alimtazama mkwewe kwa muda mrefu, kana kwamba mtu mgeni ameingia jikoni.

"Dawa haitakimbia," alisema mwishowe, kwa sauti kavu. Alichukua kifuniko, akafunika bakuli. "Lakini kesho nafuatana nanyi. Nataka nimwone huyo anayejua kuliko mizizi yangu."

*

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Walitoka mapema, kabla ya chai, wakateremka kwa njia ya mguu hadi penye maduka. Mengi yalikuwa yamefungwa kwa ajili ya misa. Duka la dawa la Hasna lilikuwa wazi.

Hasna alikuwa mwanamke wa Kiislamu, mzaliwa wa Kilwa, aliyeolewa Mbinga. Alifundishwa kazi ya kutoa dawa, na duka lake lilikuwa moja ya maduka ya dawa muhimu yaliyoanza kuonekana mkoani Ruvuma miaka ile. Alisimama alipomwona Avelina.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mkwe wangu anaumwa tumbo. Binti yangu ana maneno. Mimi nina dawa imepoa nyumbani. Tusikilize."

Hasna aliwaingiza chumba cha nyuma, akafunga pazia. Luisa alieleza. Hasna alimgeukia Ottilia.

"Hicho kipimo, dada, ulikiweka wapi kabla ya kukitumia?"

"Darini, jikoni. Juu ya moto."

"Juu ya moto?"

"Mbegu zetu zote tunaziweka pale," alisema Ottilia kwa sauti ndogo. "Moshi unazilinda, wadudu hawali. Nikaona na hiki ni cha mtoto. Nikakiweka na mbegu za maharage. Kilikaa tangu Krismasi."

"Kikiwa ndani ya mfuko wake?"

"Nilikuwa nimeupasua kidogo nikione."

Luisa alifunika uso kwa kiganja. "Wifi, ulitaka kiote?"

"Usimcheke," alisema Hasna. "Ni wewe uliyemletea bila kumweleza. Mbegu hupenda moshi, dada, lakini kipimo hakiupendi. Joto na unyevu hukiharibu. Kinatakiwa kikae pakavu, pasipo na joto, na mfuko usifunguliwe mpaka dakika ile unapokitumia. Tena usome tarehe ya mwisho iliyoandikwa juu yake."

Alitoa mfuko mdogo kwenye kabati, akawaonyesha tarehe. Kisha alichora mistari kwa kalamu kwenye kipande cha boksi, ili Avelina naye aone.

"Mstari huu wa kwanza ni wa kipimo chenyewe. Unasema, mimi ni mzima, nimefanya kazi. Lazima utokee, mimba iwepo isiwepo. Ukitokea peke yake, kipimo hakijaona mimba. Ukitokea na wa pili, mimba ipo. Usipotokea kabisa, kipimo kimekufa. Hakijasema ndiyo, hakijasema hapana. Unakitupa, unatafuta kingine."

"Kimekufa," alirudia Avelina.

"Ndiyo, mama. Na maiti hatoi ushahidi."

Avelina aliketi kwenye benchi.

"Mkojo wa kwanza wa asubuhi ndio mzuri zaidi," Hasna aliendelea. "Umekaa usiku kucha, una nguvu. Ukinywa maji mengi au togwa, unakuwa mwepesi, na mimba changa inaweza isionekane. Umekojoa leo?"

"Alfajiri. Lakini sijanywa kitu."

"Basi tupime. Mwezi wako umeshapita muda mrefu. Tukipata mstari mmoja, tutarudia kesho asubuhi."

Alimpa kikopo safi, kikavu. Ottilia alikwenda chooni, akarudi amekishika kama mtu aliyebeba yai. Hasna alimwacha afanye mwenyewe. Ottilia alipasua mfuko, akachovya ncha yenye mishale.

"Usipitishe pale penye alama. Sasa kitoe, kilaze hapa palipo sawa. Tunangoja dakika tano, kama mfuko unavyosema. Tusisome mapema. Wala tusikiache hadi mchana ndipo tusome, maana kikikauka huweza kuonyesha kivuli cha uongo."

Walingoja. Nje kengele ya kanisa ililia. Ottilia alitazama ukuta, kwa sababu hakuweza kutazama meza. Tumbo lilimkata tena, upande wa chini, akauma mdomo.

"Kuna mmoja," alisema Luisa. "Umekolea. Basi ni kizima." Aliinama zaidi. "Dada Hasna, pale pembeni ni mstari au ni macho yangu?"

Hasna aliangalia saa, kisha kipimo.

"Ni mstari. Ni hafifu, lakini upo. Hafifu nao ni mstari. Dada, una mimba."

Ottilia hakupiga kelele. Alishika ukingo wa meza, na machozi yakamteremka bila sauti.

Avelina alisimama. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

"Bakuli lile," alisema. "Jana, angelinywa..."

"Hakulinywa, mama," alisema Hasna.

"Angelinywa. Nilimwambia anywe. Nilimwambia mara mbili."

Luisa alimshika mama yake mkono. Lakini Hasna alikuwa bado anamtazama Ottilia.

"Hatujamaliza. Tumbo linauma wapi? Upande mmoja?"

"Chini, katikati. Na nikikojoa naungua."

"Damu inatoka? Unasikia kizunguzungu?"

"Hapana."

"Sikilizeni vizuri. Kipimo hiki kinasema mimba ipo. Hakisemi imekaa wapi, wala kama ina afya. Wakati mwingine mimba hukaa nje ya mji wa mimba, na hiyo inaweza kumwua mama. Mwenye mimba akiumwa tumbo, halingoji kesho. Nendeni hospitali sasa hivi."

"Huna kidonge cha kumtuliza njiani?" aliuliza Avelina.

"Ninavyo vidonge vingi, mama. Sitamwuzia hata kimoja. Daktari amwone kwanza."

*

Njia ya hospitali ya misheni ilipanda. Luisa alitangulia, Ottilia katikati, Avelina nyuma, mkono wake mgongoni kwa mkwewe. Ottilia alijawa na furaha na hofu kwa pamoja, na hakujua ipi itabaki. Amejua leo. Je, atapoteza leo hii hii?

Muuguzi wa zamu alimpokea bila kuwakawiza. Alichukua damu na mkojo. Daktari alimpima tumbo kwa mashine, akitazama kioo. Avelina alisimama mlangoni, rozari mkononi, midomo ikicheza.

"Imekaa mahali pake," daktari alisema hatimaye. "Ni changa, lakini imekaa vizuri. Kinachomwuma ni maambukizi kwenye njia ya mkojo. Tutampa dawa isiyomdhuru mtoto. Amalize yote, hata kama maumivu yatakwisha kabla."

Muuguzi alimpangia siku ya kuanza kliniki. Akamwonya asinywe dawa yoyote, ya dukani wala ya miti, bila kuuliza kwanza.

"Umesikia, mama?" alinong'ona Luisa.

"Masikio yangu hayana chango," alijibu Avelina, na kwa mara ya kwanza siku ile Luisa alicheka.

Walipofika nyumbani, Avelina alikwenda moja kwa moja jikoni. Alichukua lile bakuli na chungu, akamwaga dawa yote shimoni nyuma ya nyumba, akafukia kwa jembe.

Kilian alirudi siku iliyofuata na magunia yake ya dagaa. Alipoambiwa, aliketi chini kizingitini, akashindwa hata kuvua viatu.

Novemba, mvua za kwanza zilipoanza, Ottilia alijifungua mtoto wa kike hospitalini. Walimwita Dorothy.

*

Mwaka mpya ulipoingia, mwanamke mmoja alifika kwa Avelina akitokea Mkumbi. Alikuta bibi anapepeta maharage, mjukuu mgongoni.

"Shikamoo, mama. Nimefuata dawa ya chango. Mwezi wangu haujaonekana."

"Marahaba. Ulipima mimba?"

"Sikupima. Nimekuja kwako wewe."

"Basi umeanzia mwisho. Shuka dukani kwa Hasna, ukapime."

Mwanamke alikunja uso. "Nimetembea tangu alfajiri, mama. Siku hizi unaiogopa mizizi yako?"

"Naiogopa sana," alisema Avelina. "Nenda."

"Na nikipata mstari mmoja?"

"Usikimbilie kwangu. Rudia baada ya wiki, kwa mkojo wa asubuhi. Mimba changa huweza kujificha. Damu ikiwa bado haijaja, nenda hospitali wakuangalie."

"Na nikipata miwili?"

Mtoto alijinyoosha mgongoni. Avelina aliweka ungo chini, akamkaza kwa kitenge.

"Ukipata miwili, kliniki. Dawa yangu hutaiona. Utaniona mimi, nimebeba kuku, nakuja kukusalimu."