Ushauri Ambao Bethwel Hakuutoa

Kila alasiri Chelimo akitoka shule alivua sare, akavaa gauni kuukuu na kwenda shambani kumsaidia mama yake kuchuma majani chai. Shamba lao lilikuwa mteremkoni, si mbali na soko la Roret. Mama yake, Mama Bilhah, hakutaka mchezo na kazi hiyo. Majani mawili na kichipukizi, basi. Jani gumu likionekana kikapuni, mtaelewana.

Alhamisi moja ya mwaka 1973, kikapu hakijafika hata nusu, kaka yake Kipyegon alitokea akihema. Kipyegon alikuwa kibarua wa kupima majani katika kituo cha kununulia chai, akingoja kwenda chuo kikuu Nairobi kusomea sheria. Pale kijijini ni mtu mmoja tu aliyekuwa amemtangulia katika masomo hayo, naye ni Bethwel wa ng'ambo ya mto, aliyekuwa nyumbani kwa likizo.

"Nimeponyoka kidogo tu. Foleni ni ndefu, siwezi kuondoka mpaka jioni," Kipyegon alisema. "Na Bethwel, niliyemwahidi nitafika leo, anaondoka Jumamosi. Chelimo, nikimbilie kwao. Muulize mambo mawili tu. Sheria ya mikataba inafundishwa na walimu wawili, Profesa Osoro na Bwana Gichana. Nichague darasa la nani? Na somo la ziada, nichukue historia au uchumi?"

"Si umesema wanasema Bwana Gichana ni mpole?"

"Wanasema, wanasema! Bethwel amekaa katika madarasa yao, anajua. Nikishajiandikisha Jumatatu hakuna kubadilisha, na anayeanguka mwaka wa kwanza hurudishwa nyumbani. Shika maneno yake vizuri."

Mama Bilhah aliingia ndani akatoka na kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando aliyoyatunza siku nyingi kwa ajili ya wageni. Kwao mtu haendi kuomba ushauri mikono mitupu. "Mpe mama yake Bethwel, umsalimie," alisema.

Chelimo alifika mtoni akamkuta rafiki yake Phelis akichota maji. Akafungua kibuyu amwonjeshe, na kwa kuwa si vizuri kumwacha mgeni anywe peke yake, naye akaonja. Ilikuwa tamu, nzito, yenye harufu ya moshi. Akaonja tena. Phelis alifuta mdomo akasema inatosha, lakini Chelimo, jamani, alikuwa na yake. Alikunywa kidogo, akafunga. Akafungua, akanywa kidogo. Alipokitikisa kibuyu, kilisikika kitupu, kama cha mtu aliyekwisha kula na kuondoka.

"Sasa utampelekea nini mama wa watu?" Phelis aliuliza.

Chelimo aliona aibu kubisha hodi kwa watu na kibuyu kitupu, na aliogopa kurudi kwa mama yake kusema amekunywa mursik ya wageni. Basi alijificha kati ya michai hadi ulipotimia muda wa kwenda na kurudi, kisha akaenda nyumbani. Njiani alijiuliza Kipyegon angependa kusikia nini. Kaka yake alikuwa mtu wa sauti ndogo. Mwalimu akimkemea alitazama viatu vyake siku nzima. Heri huyo mpole, Chelimo aliwaza.

"Bethwel amesema darasa la Bwana Gichana," alimwambia jioni. "Na uchumi. Mama yake ameshukuru sana kwa mursik."

Kipyegon alishusha pumzi. Alicheka peke yake, na baba yao, fundi seremala, aliporudi kutoka sokoni alikimbia kumwambia. "Baba, Bethwel amenitoa mashakani. Nilimwogopa sana yule Profesa Osoro." Baba alimshika bega akasema Mungu ni mwema. Chelimo aliuacha ugali wake sahanini.

Ijumaa ilikuwa mbaya zaidi. Asubuhi Kipyegon alimletea mandazi mawili kutoka Roret, shukrani ya mguu wake, alisema. Chelimo aliyaweka mkobani akaenda nayo shule, akarudi nayo. Darasani mwalimu alimwuliza swali rahisi naye akakosa. Kila alipofumba macho alimwona kaka yake akishuka kutoka kwenye basi, na sanduku lake mkononi, amerudishwa.

Alipofika nyumbani alimkuta Kipyegon akipiga shati pasi ya makaa, akijizoeza kwa sauti ya chini jinsi atakavyomsalimu Bwana Gichana. Hapo Chelimo akashindwa.

"Kaka, sikufika kwa Bethwel." Machozi yalimtangulia. "Nilikunywa mursik mtoni, nikaona aibu. Yale maneno niliyatunga mimi."

Kipyegon aliiweka pasi pembeni polepole. Hakupiga kelele, na Chelimo alitamani apige. "Kwa nini ulinichagulia Gichana?"

"Kwa sababu hupendi kukemewa."

Mama Bilhah alikuwa mlangoni, amesikia yote. Alijitupia shuka mabegani. "Twendeni sasa hivi, kabla Bethwel hajaenda kuaga watu. Leo tutakwenda mikono mitupu, na aibu hiyo tutaibeba sote."

Walimkuta Bethwel uani akipaka viatu rangi. Alisema alimngoja Kipyegon jana mpaka jioni, akadhani ameona hahitaji msaada wake. Mama Bilhah alimsukuma Chelimo mbele, naye akaeleza mwenyewe kilichotokea. Bethwel alimsikiliza bila kumcheka, kisha akamgeukia kaka yake.

"Kipyegon, mimi nakujua tangu shule ya msingi. Jibu unalo, lakini ukisimamishwa unalimeza. Bwana Gichana ni mtu mzuri. Kwake utakaa nyuma kimya mwaka mzima, wala hatakusumbua. Halafu mwisho wa mwaka utaambiwa utetee kesi ya mfano mbele ya walimu, na sauti haitatoka. Nimewaona waliorudi nyumbani kwa hilo. Wewe nenda kwa Profesa Osoro. Atakusimamisha kila wiki. Utamchukia mpaka Krismasi, lakini utazungumza."

"Na uchumi?" Kipyegon aliuliza.

"Wewe uliyekuwa ukikimbia hesabu? Chukua historia, ndugu yangu."

Kipyegon aliinamisha kichwa. "Nilikuwa nimeshafurahi," alisema taratibu. Maneno hayo yalimchoma Chelimo kuliko kiboko. Lakini walipofika mtoni wakirudi, kaka yake alisema, "Basi, ni Osoro," akalisema tena kwa nguvu kidogo, ajisikie. Kisha akamwambia dada yake, "Baba jana nilimpa habari ya uongo bila kujua. Wewe ndiye utakayemwambia ya kweli."

Chelimo alimwambia. Alianza na mursik, akafuata yale ya Bethwel neno kwa neno, Osoro na historia, bila kuongeza wala kupunguza. Baba alisikiliza, kofia mapajani.

"Umemaliza?"

"Bado. Nilimwambia Kaka kwamba mama yake Bethwel ameshukuru. Hakushukuru. Hakuona kitu."

Baba aliiweka kofia pembeni. "Chelimo, mursik ni maziwa, na ng'ombe wetu hajakauka. Mtoto akitumwa akakwama, arudi aseme nimekwama. Atagombezwa, yataisha. Lakini wewe uliona afadhali kumdanganya kaka yako kuliko kugombezwa. Angelifuata neno lako mpaka Nairobi, na hata angerudishwa asingekushuku, kwa kuwa ni wewe uliyemwambia."

Chelimo alilia kwa uchungu, na hakuna aliyemkataza. Kipyegon alimwacha amalize, kisha akamwuliza, "Na kesho nikikutuma kwa mchungaji kumwambia siku ya safari yangu?"

"Nitakwenda," Chelimo alisema akijifuta macho. "Nikikwama, nitarudi nikwambie."