Kitambaa cha Mama Khadija na Kompyuta ya Nasiba

Nyumbani kwa Mama Khadija, kule Nalufenya, Jinja, nchini Uganda, hakuna kitu kinachokaa uchi. Redio ina kitambaa. Televisheni ina kitambaa. Hata mtungi wa gesi una kitambaa chake chenye maua mekundu pembeni. Mama ni Mnubi, kabila linalosifika kwa ufumaji, na ukimkuta amekaa bila sindano mkononi, ujue anaumwa.

Binti yake Nasiba anaishi Mbale, mtaa wa Namakwekwe, katika chumba cha kupanga. Kazi yake ni kupiga picha za video za harusi na kuziunganisha kwa kompyuta ya mezani. Siku aliponunua kompyuta hiyo, mama alimletea zawadi. Unadhani zawadi gani? Kitambaa, bila shaka. Kizito, cha kufumwa, kinafunika mashine kutoka juu hadi mezani. Nasiba alikipenda sana. Alikuwa akikitoa Ijumaa tu, kukifua.

Mwezi uliopita mama alipiga simu. Hitma ya mwaka mmoja, yaani kisomo cha kumwombea mumewe, marehemu Mzee Asuman, ilikuwa imekaribia. Mama alizungumza habari za mchele na wageni. Kisha akasema, "Nasiba, sauti ya baba yako imeanza kunipotea. Namkumbuka uso. Sauti siisikii."

Maneno hayo yalimkata Nasiba maini. Alitafuta kwa ndugu wote, akakusanya vipande vya video sitini na tatu ambamo baba anaongea. Akavipanga vizuri. Ikabaki kazi moja, kompyuta kuviunganisha viwe filamu moja. Hitma ilikuwa Jumamosi.

Jumatatu aliiwasha kazi hiyo. Kompyuta ilisaga masaa kumi na tano, halafu ikazima kabla ya kumaliza. Jumanne asubuhi Nasiba aliona kwenye simu kijana anayeeleza jinsi ya kuongeza mwendo wa prosesa, yaani ile sehemu ya kompyuta inayofanya hesabu zote. Kijana aliongea haraka, na Nasiba akafanya haraka zaidi. Palipokuwa na namba ya mwendo, thelathini na sita, akaandika arobaini na tano. Akanyoosha pembe za kitambaa, akawasha upya.

Kioo kikabaki cheusi. Akawasha tena. Cheusi. Akakaa sakafuni. Alihisi amemzika baba mara ya pili.

Jirani yake wa ukuta kwa ukuta ni Afande Norah, polisi kutoka Teso, ambaye kazi yake kambini ni kutunza redio na kompyuta. Kiswahili chake ni cha kambi, kimenyooka. Nasiba alimgongea mlango na kumweleza yote, machozi yakimtoka.

"Picha ziko salama kwenye diski," Norah alimwambia. "Wewe umekimbiza prosesa tu. Twende."

Alipoingia alisimama mlangoni, akaitazama kompyuta kwa muda.

"Hii blanketi ni ya nini?"

Nasiba akasema ni kitambaa cha mama, cha kuzuia vumbi.

"Dada, hapa nyuma ndipo inapumua. Umeiziba pua, halafu umeiambia ikimbie."

Norah alichomoa waya wa umeme. Akafungua ubavu wa kompyuta. Ndani mlikuwa na betri ndogo ya duara, kama sarafu. Akaitoa, akangoja dakika tano, akairudisha. Alieleza kwamba mipangilio iliyoharibiwa husahaulika hivyo, na mashine hurudi ilivyotoka kiwandani. Walipochomeka waya, kioo kiliwaka. Nasiba akashika kifua.

Jambo la kwanza, Norah aliagiza vipande vyote sitini na tatu vinakiliwe kwenye flashi. "Usichezee mwendo wa mashine wakati kazi yako iko mahali pamoja tu," alimwambia. Kisha wakaizima tena, wakapuliza vumbi na kusafisha feni kwa brashi. Norah akafuta dawa iliyokauka juu ya prosesa, akaweka mpya, kiasi cha punje ya njegere. Dawa hiyo hupitisha joto kutoka kwenye prosesa kwenda kwenye chuma kinachopozwa na feni.

Nasiba aliinama kuitazama prosesa. Kibati cha mraba, kidogo kuliko kiberiti.

"Hiki kinapiga mapigo bilioni tatu na milioni mia sita," Norah alisema.

"Kwa siku?"

"Kwa sekunde. Mtu akiishi miaka mia, moyo wake hupiga karibu hivyo. Hiki kinamaliza kwa sekunde moja."

Nasiba akapiga hesabu. Moyo wa baba ulipiga miaka sabini na moja. Maisha yake yote, asubuhi zake zote za swala na chai, kibati hiki kingeyahesabu kabla mtu hajamaliza kupiga chafya. Akasema taratibu, subhanallah.

Waliiwasha bila kitambaa na bila kubadilisha kitu. Jana, Norah alieleza, prosesa ilikuwa imepata joto kali hadi ikajipunguza mwendo yenyewe, isife. Sasa ilipofanya kazi nzito joto lilikaa kwenye nyuzi sitini na nane. Muda ambao kompyuta ilikadiria kumaliza filamu ukashuka hadi masaa manane. Mwendo haujaongezwa hata kidogo, na tayari nusu ya shida imekwisha!

"Sasa tunaweza kuongeza," Norah alisema. "Prosesa nyingine kiwanda kimezifunga, hazikubali. Hii yako inakubali. Lakini tunapanda ngazi moja moja."

Waliingia kwenye ukurasa wa mipangilio, ule unaofunguka kabla kompyuta haijaamka kabisa. Nasiba akaandika namba za mwanzo kwenye daftari. Thelathini na sita akaifanya thelathini na saba. Nguvu ya umeme wa prosesa hawakuigusa kabisa, maana hapo ndipo wanaoanza huunguza mashine. Wakaendesha programu ya kuichosha kwa nusu saa, macho kwenye joto. Norah alisema likipita themanini na tano, wanaacha. Thelathini na nane. Thelathini na tisa. Arobaini. Arobaini na moja bado sawa. Arobaini na mbili kioo kikaganda.

Safari hii Nasiba hakulia. Alirudi arobaini na moja, akafikiri, akashusha tena hadi arobaini.

"Kwa nini?" Norah aliuliza, ingawa alijua.

"Nataka ifike Jumamosi. Sitaki mashindano."

Norah akacheka, akaenda kupika.

Jumatano asubuhi Nasiba aliiwasha tena kazi ya kuunganisha filamu, na baada ya masaa saba na dakika chache ilikuwa tayari.

Jumamosi, nyumbani Jinja, baada ya dua na chakula, mama alikunja kitambaa cha televisheni na ndugu wakakaa. Mzee Asuman akatokea, amekaa kwenye kiti chake cha uani, akimwambia mtu aliyeshika simu, "Mpige picha Khadija huyo na sindano yake. Siku moja atanikuta nimekaa kimya, atanifunika na mimi."

Watu wakacheka na kulia pamoja. Mama hakucheka wala hakulia. Midomo yake ilikuwa ikifuata maneno yale.

Filamu ilipokwisha, alinyoosha mkono kuifunika televisheni, kama alivyozoea. Nasiba akamshika mkono polepole, akamweleza habari ya joto, na ya kompyuta iliyozibwa pua. Aliogopa mama ataumia. Mama alipapasa nyuma ya televisheni kwa kiganja.

"Kweli, ina joto," alisema. Akakiweka kitambaa mapajani, akakilaza vizuri. "Basi isifunikwe bado. Rudisha pale anaponitaja."