Magoti ya Mzee Mugeta

Asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya ziwa, Mzee Mugeta alikaa barazani kwake Kibara, blanketi magotini. Alisinzia kidogo, akaamka kidogo. Katika usingizi huo mwepesi alijiona yumo mtumbwini, anapiga kasia, maji yakifunguka mbele yake bila sauti. Alipofumbua macho, ziwa lilikuwa mbali na magoti yalikuwa yanauma.

"Mama Bhoke," alimwita mkewe, Wegesa, "hebu ninyanyue."

Wegesa alimnyanyua. Vidole vya mzee navyo vilikuwa vimekakamaa. Hata kushika kikombe cha uji kulimtesa.

Binti yao wa mwisho, Bhoke, alikuwa anaolewa Bunda baada ya mavuno. Katika ukoo wao, baba husimama, humshika binti mkono, humkabidhi kwa wakwe. Baba aliyeketi hakabidhi. Boniphace, mdogo wake Mugeta, alikwisha kujiandaa.

"Kaka, wewe kaa tu. Nitakukabidhia mimi. Suti ninayo."

"Suti ya kuazima hiyo!"

"Ya kuazima inasimama. Wewe je?"

Mzee alicheka, kisha akalivuta blanketi juu ya magoti.

Jumamosi, jirani yao Ghati alipita kuwasalimu. Ghati hufundisha wagonjwa mazoezi ya viungo hospitalini.

"Shikamoo, mzee. Mbona blanketi na jua limetoka?"

"Marahaba, binti. Baridi ya ziwa imeniingia mifupani. Nimeyapumzisha magoti. Mtumbwi ukizeeka, si tunauvutaga nchi kavu?"

"Na ukikaa nchi kavu muda mrefu, mbao zinakuwaje?"

Mzee alifikiri. "Zinakauka. Zinaachana. Ukiurudisha majini, unavuja."

"Ehe! Na daktari alisemaje?"

"Baridi yabisi. Akanipa vidonge, akasema nisikae bila kujinyoosha. Hilo la pili sikulisikia vizuri."

"Ulilisikia!" Wegesa alisema kutoka jikoni.

Ghati alileta kiti kigumu kisichoyumba, akakiegemeza ukutani. "Keti hapa. Mgongo wima, nyayo zote sakafuni. Sasa nyoosha mguu mmoja taratibu. Vuta pumzi. Ushushe. Haya, na wa pili."

Kisha mzee aliinua visigino, akavishusha. Akazungusha mabega. Akakunja vidole polepole, akavikunjua, kama mtu anayefungua mkono kumwonyesha mtoto kitu.

"Maumivu kidogo yasikutishe," Ghati alisema. "Lakini yakichoma, acha. Kiungo kikivimba na kuwa cha moto, kipumzishe, nenda kituo cha afya. Na vidonge usiache."

Mzee alifumba macho. Mikono yake ikaanza kwenda mbele na kurudi, ikipiga kasia lisilokuwapo.

"Hilo nalo zuri," Ghati alisema kwa sauti ya chini. "Polepole tu, mzee. Hakuna samaki wa kukimbiza."

Tangu hapo, kila asubuhi mzee aliweka kitambaa cha uvuguvugu magotini, kisha akafanya mazoezi kitini. Siku moja Boniphace alimtania, naye kwa hasira akafanya mengi mno. Jioni goti lilivimba. Asubuhi alikwenda kituo cha afya. Ghati alipopata habari alimwambia, "Goti halijui mashindano. Ukipona, anza na machache." Mzee alitii.

Siku zikapita kama mawingu juu ya maji. Maumivu hayakwisha yote. Lakini kikombe kilikaa mkononi. Asubuhi moja Wegesa alikuja kumnyanyua, akakuta kiti kitupu. Mzee alikuwa uani, kashika fimbo, anatazama ukungu.

Siku ya Bhoke ilifika. Wakwe walikaa upande mmoja, nyimbo zikapungua, ua ukawa kimya. Boniphace alinyoosha koti lake, akasogea mbele.

"Bado," alisema Mzee Mugeta.

Aliweka nyayo zote chini. Akainama mbele kidogo, akavuta pumzi, akasukuma kiti kwa mikono. Wegesa alitaka kumsaidia, kisha akairudisha mikono yake. Mzee alisimama. Taratibu sana, lakini alisimama. Akamshika Bhoke mkono.

"Huyu ni mwanangu," aliwaambia wakwe. "Namkabidhi mimi mwenyewe."

Wanawake walipiga vigelegele. Baba mkwe wa Bhoke alinyoosha mkono kumpokea, akangoja.

"Baba," Bhoke alinong'ona, machozi na kicheko pamoja, "unanibana. Niachie basi."

"Subiri kidogo," alisema mzee, akazidi kumshika.