Wembe wa Kinyozi na Koti Jekundu la Anime

Naapa kwa magoti yangu yote mawili, na wastaafu wenzangu wanajua hicho si kiapo cha mchezo: haya ninayoandika ni kweli tupu. Chumvi nimeiacha jikoni.

Wembe ulikuwa kooni kwangu…

Siongelei wembe wa kutupa. Ni ule mrefu wa kukunjua, ambao Kinyozi huunoa kwenye mkanda kila asubuhi. Na aliyeushika ni Kinyozi mwenyewe. Jirani yangu wa ukuta mmoja. Mtu ninayecheza naye drafti kila siku ya Mungu.

"Mzee Bucha," akaninong'oneza sikioni, "toa hiyo karatasi, nisije nikakuchinja kama ulivyochinja mbuzi wa watu."

Karatasi gani? Tulieni, wadau. Nawapa mkasa mzima.

Mnaonifuata siku nyingi mnajua mimi ni muuza nyama mstaafu. Nilipofunga bucha, mikono ikakosa kazi, ikaanza kuniwasha. Ndipo nikaanza kuokota karatasi alizotupa mjukuu wangu: picha za wahusika wa anime, katuni za Kijapani, za kuchapa na kupaka rangi, wale wenye macho makubwa kama sahani. Hakuna aliyenifundisha. Nikapaka, nikaharibu, nikapaka tena, na leo mnanifuata hapa mniulize nywele za buluu zinapakwaje.

Mjukuu wangu huyo amemaliza shule juzijuzi. Duniani anataka kitu kimoja tu: nafasi ya kujifunza kazi kwenye studio ya katuni iliyo kule barabara kuu. Nafasi yenyewe ni moja. Studio ikatoa picha moja, msichana mpiganaji mwenye upanga na koti refu, kila mwombaji aichape, aipake kwa mkono wake, aipeleke mwenyewe. Mwisho siku ile ya mkasa, saa sita mchana. Ukichelewa, basi tena.

Mjukuu wangu, msichana wa watu, kaipaka wiki nzima kwa penseli za rangi, macho yamemwingia ndani. Asubuhi akaniletea chumbani.

"Babu, nakwenda dukani kununua bahasha ngumu. Nilindie hii. Usiiguse."

"Nani aiguse?" nikamjibu.

Na binti wa Kinyozi naye anaitaka nafasi hiyohiyo. Mnaona sasa wembe ulikotokea?

Basi turudi kooni.

"Kinyozi," nikamwambia taratibu, "wewe na mimi tumekula sahani moja."

"Leo kila mtu na sahani yake."

Akabonyeza. Ngozi ya shingo ikaachia… damu ya moto ikanishuka kifuani.

Nikamsukumia kiwiko cha mbavu. Kah! Maisha yangu yote nimekaa gogoni nikipasua mifupa, sauti ya ubavu siwezi kuisahau. Akayumba, akaokota kigoda, akanishushia nacho kichwani. Kigoda kikapasuka. Kichwa kikabaki.

Nikaanguka juu ya meza. Mkono ukapapasa, ukakutana na penseli ya buluu niliyokuwa nimetoka kuichonga.

Wanaoanza, hapa sikilizeni, maana swali hili mnaniuliza kila siku. Penseli ya rangi haibonyezwi. Paka tabaka jembamba, kama unampapasa paka. Rudia. Rudia tena. Rangi nyepesi itangulie, nzito ije nyuma. Nywele zifuate zinakoelekea, toka mzizini hadi nchani. Kivuli cha ngozi usikipake kwa nyeusi, utampa msichana wako ndevu. Na kwenye jicho acha doa dogo jeupe, bila hilo unapaka maiti.

Mimi pale sikupaka tabaka jembamba. Niliikita ile penseli kwenye kiganja cha Kinyozi mpaka ncha ikatokea upande wa pili.

Akalia kama ndama. Nikamkamata masikio, nikamgonga uso kwenye ukingo wa meza, meno ya mbele yakaruka yakatawanyika sakafuni kama punje za mahindi. Akarusha wembe ovyo, ukanipitia tena shingoni, damu ikaruka… ikatua juu ya picha ya mjukuu wangu. Yote kwenye koti. Akaivuta karatasi, kona ikachanika, nikamng'ang'ania, akaruka dirishani, akatoweka.

Hivyo ndivyo alivyonikuta mjukuu wangu aliporudi na bahasha yake. Nimekaa kitandani, taulo jekundu limenizunguka shingoni, nahema.

Hakuniangalia mimi. Aliangalia meza.

"Babu… koti limekuwaje?"

"Ni damu yangu, mjukuu wangu. Nimeimwaga nikiilinda picha yako."

Nikamsimulia kama nilivyowasimulia nyinyi. Nilipofika kwenye meno, baba yake akawa ameshaingia, mwanangu, fundi magari, mikono imejaa grisi. Amesikia kelele zangu kutoka uani.

"Nani kakukata, Mzee?"

"Kinyozi."

"Kinyozi yupi?"

"Tuna vinyozi wangapi ukutani hapa?"

Mwanangu hana maneno mengi. Aligeuka tu. Spana ya kufungulia magurudumu ilikuwa mfukoni mwa ovaroli.

"Mwanangu," nikamwita, "tumwachie Mungu."

Alikuwa ameshatoka.

Nikamwita tena kwa nguvu, nanyi mtajua kwa nini. Nyumba yetu na ya Kinyozi zinatenganishwa na ukuta mwembamba. Tukasikia mlango wake ukipigwa teke. Tukasikia kioo kikubwa kikiporomoka, sauti ndefu, kama haitaki kwisha. Halafu kishindo cha mtu kugonga kitu kigumu. Kishindo kingine. Halafu sauti ya Kinyozi ikiuliza, "Nimefanya nini? Nimefanya nini jamani?"

Wadau, nimeuza nyama maisha yangu yote. Sijawahi kusikia sauti mbaya kama ile.

Nikajaribu kusimama. Magoti yakakataa.

Mwanangu akarudi akimburuta Kinyozi kwa kola, kama gunia. Pua ya Kinyozi ilikuwa imelala upande. Jicho moja limefumba. Bado ameshika kitambaa cha kumfutia mteja. Mwanangu akamkandamiza juu ya meza yangu, shavu karibu na picha, spana imeinuliwa juu ya kisogo chake.

"Mwombe msamaha baba yangu. Kisha nikuvunje mkono ulioshika wembe."

"Wembe gani?" Kinyozi akatoa sauti ya kukwaruza. "Asubuhi yote niko na mteja."

"Baba, picha," mjukuu wangu akasema.

Amechelewa. Damu ya puani mwa Kinyozi ikadondoka tone moja juu ya picha, kwenye kola ya koti. Kisha la pili.

Mjukuu wangu akainama. Nilidhani anaenda kulia. Hakulia. Aliangalia, akaangalia, kama anavyoangalia kabla ya kuchagua penseli.

"Baba, mwachie."

"Nini?"

"Mwachie Baba Kinyozi. Babu, njoo hapa."

"Magoti, mjukuu wangu…"

"Njoo na magoti yako."

Nikaenda.

Akanyoosha kidole. "Hili tone ni la Baba Kinyozi. Limevuka kola, limeingia kwenye nywele, limekwenda mpaka kwenye upanga. Halikujua pa kusimama."

"Ndiyo."

"Sasa hii damu yako. Imejaza koti lote, haikugusa upanga. Imefika kwenye mkanda ikakunja kona. Vifungo hivi imevizunguka kimoja kimoja."

Nikakohoa.

"Na kwenye kila kifungo imeacha doa jeupe la mwanga. Babu, damu yako imejifunza wapi kupaka rangi?"

Mwanangu akashusha spana. Akamkamata Kinyozi mkono, akaugeuza. Kiganja kizima. Akaugeuza wa pili. Kizima. Kinyozi akafungua mdomo, akavuta midomo kwa vidole, akamwonyesha meno yote, safu juu na safu chini, hakuna hata pengo.

"Hesabu," akamwambia. "Au unataka kuyagusa?"

Mjukuu wangu akanifungua taulo. Shingo yangu ilikuwa safi kama ya mtoto wa ubatizo. Taulo likanuka wino wa maka peni.

Basi ndiyo. Mlitaka nini? Mtoto alipotoka kwenda dukani nilikaa na ile picha, nikaliona koti limepauka. Tabaka jembamba juu ya tabaka jembamba, kama nilivyowaambia juu hapo, lakini jicho la mzee likaona kama amesahau kulimalizia. Nikachukua maka nyekundu nimsaidie kidogo tu. Karatasi ya nyumbani ni nyembamba, ikainywa maka yote mpaka mezani, na vivuli alivyovijenga wiki nzima vikazama chini ya wekundu mmoja. Nilivyoona limeharibika, nikalimalizia vizuri. Ndani ya mistari. Nimezoea.

Kona niliichana mwenyewe. Na binti wa Kinyozi hakuwahi kuiomba nafasi hiyo, nilimwingiza mimi.

"Kwa hiyo nimempiga mtu bure," mwanangu akasema polepole.

"Hukumpiga bure," nikamwambia. "Ulikuwa unamtetea baba yako."

Hilo halikusaidia.

Kinyozi akajifuta pua kwa kitambaa cha mteja. Akaniangalia kwa lile jicho moja lililobaki wazi.

"Mzee Bucha, simama wima."

"Kwani?"

"Wima tu."

Nikasimama. Ngumi ikaja kama treni. Sikuiona, niliisikia. Nilipofumbua macho niko sakafuni, pua yangu inavuja, na safari hii damu ilikwenda ilikotaka: kwenye shati, kwenye mkeka, kwenye masharubu.

"Sasa tuko sawa mimi na wewe," Kinyozi akasema. "Na huyu mjukuu wako?"

Wote tukamgeukia. Saa tano ilikuwa imeshapita. Wiki nzima ya kazi imekwisha, na karatasi mpya haiwezi kupakwa kwa dakika zilizobaki, hata mimi siwezi kuwadanganya hapo.

Mjukuu wangu akachukua ile picha na damu zake zote mbili, akaitia kwenye bahasha. Akachukua mkebe wa penseli na boksi la maka. Halafu akanishika mkono.

"Twende. Utawaeleza wewe mwenyewe."

Tukaingia studio tukiwa wanne: yeye, mimi na pua yangu, Kinyozi na pua yake, na mwanangu nyuma kainamisha kichwa. Foleni ya waombaji ikatupisha yenyewe. Mama mwenye studio akaitoa picha, akaivuta karibu na miwani.

"Huyu nani kapaka uso?"

"Mimi," mjukuu wangu akasema.

"Na koti?"

Akanisukuma mbele. Nikaeleza. Nilijaribu kuweka jambazi mmoja mdogo katikati, Kinyozi akanikoholea, nikamtoa.

Mama mwenye studio hakucheka. "Uso ni mzuri, lakini uso tu hautoshi, nahitaji kuona unavyojenga kivuli kwenye kitu kikubwa. Una dakika ishirini. Karatasi huna, na mimi sikupi."

"Ninayo," mjukuu wangu akajibu, akavuta kiti. "Babu, kaa."

Mbele ya foleni nzima akanipaka. Akaanza na uvimbe wa pua, zambarau nyepesi, kisha buluu pembeni, akaufanya mwanga utoke dirishani. Masharubu yangu meupe akayafuata nywele kwa nywele. Kwa maka, wadau. Maka isiyotoka. Nilipotaka kusema kitu, akanishika kidevu.

"Karatasi haiongei."

Saa sita ikagonga. Mama mwenye studio akanizunguka, akainama, akaangalia chini ya taya palipo na kivuli kigumu kuliko vyote, akagusa kwa kidole. Akamwambia mjukuu wangu aje Jumatatu, saa mbili kamili.

Akaniangalia mimi.

"Na wewe mzee, wanafunzi wangu hawana ngozi halisi ya kujifunzia. Utakuwa unakuja Jumamosi."

"Mama, mimi ni mgonjwa, unajua moyo wangu…"

"Atakuja," Kinyozi akasema. "Nitamleta mwenyewe. Na rangi ya masharubu nitachagua mimi."

Funzo, kwa wanaosoma wapate funzo: picha yoyote utakayopaka, chapa kwenye karatasi nzito, na maka usiipandishe juu ya penseli za mtu. Ukishaiharibu, sema mapema, kabla watu hawajachukua spana. Damu ya kubuni nilijua kuipaka. Ile ya Kinyozi ilipodondoka sikujua niifute na nini.

Leo ni Jumamosi, niko kwenye kiti cha studio. Naandika haya kwa kidole kimoja, nimekatazwa kugeuza kichwa. Mwanangu yuko kwa Kinyozi anafunga kioo kipya. Kinyozi mwenyewe amekaa mbele yangu na plasta ya pua, anakunywa soda, anamwelekeza mwanafunzi.

Masharubu kayachagulia rangi ya waridi.