Fundi Mizani na Bango la Wabunge

Waliokuwepo Jumapili ile, saa tisa alasiri, katika chumba cha mbele cha nyumba ya fundi mizani, ni hawa: Baba, ambaye ndiye fundi mwenyewe. Mama, mkunga wa zahanati, aliyekuwa na siku ya mapumziko. Binti yao, msaidizi wa karakana. Hakuna aliyeleta udhuru.

Familia hii ilikutana kila Jumapili. Baba ndiye aliyeanzisha mkutano huo, kwa kuwa alipenda mambo yaende kwa utaratibu. Aliita majina ingawa watu walikuwa watatu tu, na wote wameketi mbele ya macho yake.

"Mama?"

"Si unaniona?"

"Ukiitwa, itika."

"Nipo, mheshimiwa," alisema Mama, na Binti akaficha uso kwa kiganja ili asicheke.

Baba alikuwa ametengeneza mizani kwa miaka thelathini na mmoja. Alitengeneza mizani za wauza nafaka, za wauza nyama, za posta, na ile ya kupimia watoto wachanga kule zahanati. Karakana yake ilikuwa chumba cha ubavuni mwa nyumba. Ndani mlikuwa na meza ndefu, jiliwa la kubania vyuma, na droo zilizojaa springi. Juu ya rafu palikuwa na mawe yake ya kupimia, yamefungwa kwa kitambaa laini. Kila mwaka aliyapeleka mawe hayo kwa wakaguzi, yakahakikiwe kama bado yana uzito wa kweli.

Siku hiyo, hata hivyo, Baba hakuwa na furaha.

"Ajenda ni moja," alisema. "Muswada."

Wote walijua habari hiyo. Redio ilikuwa imetangaza kwamba Bunge limepokea muswada wa sheria mpya ya mizani na vipimo. Kifungu cha kumi na tisa kilisema kwamba mtu asiye na cheti cha chuo hataruhusiwa kutengeneza mizani ya biashara. Baba hakuwa na cheti. Ufundi alifundishwa na mjomba wake, siku baada ya siku, kwenye meza ile ile. Kama kifungu hicho kingepita kama kilivyo, karakana ingefungwa.

Baba alisimama mbele ya bango kubwa lililokuwa ukutani. Lilikuwa na picha ndogo ndogo za wabunge wote mia mbili, na chini kabisa picha ya ukumbi wa Bunge. Alilinunua mwaka wa kwanza wa Bunge hili. Sasa ulikuwa mwaka wa nne.

"Nimehesabu mara tatu," alisema. "Chama kinachotawala, wabunge mia na kumi na wanane. Upinzani, sabini na wanne. Wasio na chama, wanane. Muswada ni wa serikali. Basi upande mmoja umeshalala chini. Hapo hata mimi siwezi kurekebisha."

"Na Spika je?" aliuliza Binti. "Si ulimwandikia?"

Baba alitoa barua mfukoni. Ilikuwa imekunjwa mara nne, kama kitu ambacho mwenyewe hataki kukiona. "Nilimwomba kwa heshima zote awaamrishe wabunge wake wakikatae kifungu kile. Soma walivyonijibu."

Binti alisoma. "Ofisi ya Spika inakushukuru kwa barua yako. Spika hawaagizi wabunge namna ya kupiga kura. Tafadhali wasilisha maoni yako kwa kamati inayohusika kabla ya tarehe kumi na nne."

"Umeona? Mkubwa wa Bunge zima, anasema hawaagizi! Nani atawaagiza, mimi?"

"Hodi!" sauti iliita mlangoni.

"Karibu, wifi," alijibu Mama. "Umekuja wakati wake. Kaka yako amenuna tangu asubuhi. Mchukue ukakae naye kwako."

"Abaki huku huku. Mlipooana tulikukabidhi, harudishwi."

Aliyeingia ni jirani yao, aliyemwita Baba kaka ingawa hawakuwa ndugu wa damu. Mtaani walimwita Neno-kwa-Neno. Kwa miaka ishirini na sita kazi yake ilikuwa kukaa ndani ya ukumbi wa Bunge na kuandika kila kilichosemwa, bila kupunguza wala kuongeza. Alikuwa amestaafu mwaka uliopita.

"Shikamoo, shangazi," alisema Binti.

"Marahaba, mwanangu." Jirani alisoma barua, kisha akamtazama Baba kwa upole. "Kaka, hukujibiwa vibaya. Umejibiwa kweli. Spika si bosi wa wabunge. Anaongoza vikao. Anaamua nani aseme, kwa muda gani, na kama kanuni zimefuatwa. Wabunge wenyewe ndio waliomchagua, katika kikao chao cha kwanza. Na katika Bunge letu, yeye hapigi kura kama wengine."

"Hata huyu?" Baba aligusa picha ya juu kabisa, ya mzee mwenye miwani minene. "Huyu ana sura ya kuagiza."

"Huyo aliugua akajiuzulu mwaka jana. Nilimwandika mwenyewe akiaga, akilia na sisi tukilia. Spika wa sasa ni huyu mama hapa pembeni. Alikuwa Naibu Spika. Wabunge walimchagua apande, kisha wakachagua naibu mwingine."

Baba alilitazama bango kwa mara ya kwanza kama mtu anayetazama mizani ya mteja mjanja.

"Kwa hiyo hesabu yangu?"

"Hesabu yako ni ya siku ya kwanza. Bunge huketi kwa muhula wa miaka mitano, na katika miaka hiyo viti hubadilika. Watatu wamefariki. Wawili wamejiuzulu. Mmoja mahakama ilifuta ushindi wake. Uchaguzi mdogo ukafanyika kwa kila kiti. Leo chama kinachotawala kina mia na kumi na watano. Upinzani sabini na sita. Wasio na chama tisa."

Mama alipiga makofi. "Mume wangu! Mawe ya mizani unayapeleka yakahakikiwe kila mwaka. Bango hili una miaka minne hujalihakiki, na bado unalitumia kupimia!"

Baba akacheka mpaka akaketi. "Mteja angenifanyia hivyo ningemfukuza karakanani," alisema.

Binti alileta penseli. Kwa saa nzima walilisahihisha bango lile. Jirani alieleza, Binti aliandika pembeni kwa mwandiko mdogo.

"Si wote wanaotoka majimboni," Jirani alieleza. "Mia na sitini wamechaguliwa na majimbo. Thelathini ni wanawake wa viti maalumu. Kumi wameteuliwa kwa utaalamu wao. Halafu kuna viongozi wa pande mbili. Waziri Mkuu anaongoza shughuli za serikali ndani ya Bunge. Kiongozi wa Upinzani anaongoza wale wanaoikosoa. Na huyu aliyevaa joho, hapa kwenye picha ya ukumbi, aliyekaa mezani mbele ya Spika, ni Katibu wa Bunge. Yeye si mbunge. Ni mtumishi, kama nilivyokuwa mimi."

"Lakini mia na kumi na watano bado ni wengi," alisema Binti. "Wakisimama wote pamoja, Baba ameshindwa."

"Wangesimama leo, ndiyo. Ila muswada haupigiwi kura siku unapoletwa. Kwanza unakwenda kwenye kamati. Kamati ni wabunge wachache, wa vyama vyote, wanaouchambua kifungu kwa kifungu na kuwasikiliza wananchi. Nimeandika vikao vyao mamia. Nimeona mawaziri wakikubali kubadilisha kifungu kwa sababu ya maneno ya muuza samaki mmoja. Sheria huumbwa pale, kaka. Ukumbini wanaipaka rangi."

Baba alinyoosha kidole kwenye bango. "Kamati ya Viwanda na Biashara. Mwenyekiti wake ni huyu. Nitamwandikia."

"Alikuwa huyo. Kamati hupangwa upya katikati ya muhula. Mwenyekiti sasa ni huyu hapa, aliyekuwa mwalimu wa hesabu. Na angalia nani mwingine amehamia humo." Jirani aliweka kidole juu ya picha ya mwanamke mwenye shingo ndefu.

"Mbunge wetu!" alisema Mama. "Yule daktari wa mifugo."

Uso wa Baba ulibadilika. "Yule sikumpigia kura," alisema polepole. "Nitamwendeaje mtu ambaye sikumpigia kura?"

"Yeye anajua?"

"Atajuaje? Kura ni siri."

"Basi unajishitaki mwenyewe," alisema Jirani. "Anawakilisha jimbo zima, waliomtaka na wasiomtaka. Mshahara wake hauna mgawanyo huo."

"Kwanza mizani yake ya kupimia ndama ni sisi tulioitengeneza," alisema Binti. "Mimi ndiye niliyeifungua."

Baba aligonga meza kwa kiganja. "Mkutano unaamua," alisema. "Tunakwenda."

Jumatatu waliandika maoni yao, ukurasa mmoja. Jirani aliwafundisha kuyapanga: kwanza jina la muswada na namba ya kifungu, kisha tatizo, kisha wanachopendekeza. "Msiandike kulalamika tu," alionya. "Waambieni maneno mnayotaka yawemo." Waliandika kwamba fundi mwenye uzoefu apewe mtihani wa vitendo badala ya kudaiwa cheti cha chuo. Jumanne Binti alipeleka nakala moja ofisi za Bunge na nyingine ofisi ya mbunge wao, na kila mahali aligongewa muhuri wa kupokelewa.

Kamati iliwaita, na tarehe kumi na nne walifika kwenye chumba chake. Hakikuwa na fahari kama Baba alivyodhani. Palikuwa na meza yenye umbo la kiatu cha farasi, chupa za maji, na wabunge kumi na watano. Mmoja alikuwa akisugua shavu lililovimba kwa jino. Mbele ya kila kiti palikuwa na kipaza sauti chenye taa nyekundu. Binti alibeba mizani moja ya sahani, ya zamani, waliyoombwa waionyeshe.

Mwenyekiti aliita jina la Baba. Taa nyekundu ikawaka. Baba akaiangalia ile taa, na maneno yote aliyoyakariri kwa siku tatu yakaruka.

"Mimi," alisema. "Mimi ni fundi." Akakohoa. "Nimetengeneza."

"Usiwe na hofu, mzee wetu," alisema mbunge wao, yule daktari wa mifugo. "Hatuumi. Tuonyeshe tu unachofanya."

Baba aliweka jiwe la kilo moja juu ya sahani. Mshale ukasimama kabla ya kilo moja. Hapo mikono yake ikakumbuka kazi, na ulimi ukafuata.

"Mama yangu mbunge, mizani hii ingemwibia mkulima kila anapouza. Kosa liko wapi? Kitabu kitasema springi imechoka. Springi ni nzima." Aligeuka bila kufikiri. "Mwonyeshe."

Binti aliingiza vidole viwili chini ya sahani, akapapasa, akatoa punje moja ya mchele iliyokuwa imejibana kwenye ekseli, kile chuma kinachobeba sahani. Mshale ukapanda hadi kilo moja. Mbunge mwenye jino bovu akasahau shavu lake.

"Na huyu aliyeiona ni nani?" aliuliza mwenyekiti.

"Ni msaidizi wangu," alijibu Baba.

"Amekusaidia kwa muda gani?"

Baba alianza kuhesabu kwa vidole. Binti alijibu mwenyewe, sauti yake ikiwa ndogo lakini imenyooka. "Miaka tisa, mheshimiwa mwenyekiti. Mizani za zahanati natengeneza peke yangu. Nami sina cheti. Kifungu hiki kikipita, mzee atapumzika. Mimi ndiye nitakayekosa kazi ya maisha."

Baba alimtazama. Muda wote alikuwa amefikiri kwamba wamekuja kuiokoa kazi yake yeye.

Wiki sita baadaye redio ilitangaza matokeo. Kamati ilikuwa imependekeza kifungu cha kumi na tisa kibadilishwe. Waziri alikubali. Ukumbini, wabunge wa chama kinachotawala na wa upinzani waliunga mkono kwa pamoja, na Spika akatangaza kwamba waliosema ndiyo wameshinda. Sasa fundi mwenye uzoefu wa miaka mitano au zaidi angepimwa kwa mtihani wa vitendo, na akifaulu angesajiliwa. Rais alitia saini mwezi uliofuata.

Jumapili iliyofuata Baba aliita majina. Mama aliitika bila utani. Jirani aliitika ingawa hakuwa mwanafamilia, na hakuna aliyempinga. Binti aliitika akiwa anafuta grisi vidoleni.

Baba aliweka mezani fomu mbili za mtihani. Zote zilikuwa zimejazwa kwa mwandiko wake wa pole pole. Aliisogeza moja mbele ya Binti, akasimama kama alivyoona watu wa Bunge wakisimama.

"Natangaza uamuzi," alisema. "Jumatano tunakwenda kwenye mtihani, yeye na mimi. Na kuanzia leo mteja akiuliza, kila mtu humu ndani amjibu sawasawa: karakana hii haina msaidizi. Ina mafundi wawili."